Namba ya ABS: Isome, Iandike, Itafute, Ndipo Uifute

(Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi, madereva na wenye magari waliokusanyika Mwanga, mjini Kigoma. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini siku hiyo.)

Mwakeye! Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mnaomiliki magari ya abiria, karibuni, na asanteni kwa kuacha biashara zenu saa hizi. Mafundi wenzangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie breki. Breki ni habari ndefu, tukiianza yote tutalala hapa. Nimechukua kipande kimoja tu: ile taa ya njano yenye herufi ABS kwenye dashibodi, namba za hitilafu ambazo kompyuta ya breki inazihifadhi taa hiyo ikiwaka, namna ya kuzisoma na namna ya kuzifuta. Na neno ninalotaka mwondoke nalo nalisema mapema kabisa: namba inafutwa mwisho, kazi ikishafanyika. Kwetu mara nyingi inafutwa kwanza. Gari linaingia gereji, mashine ya kusoma namba inachomekwa, kitufe cha kufuta kinabonyezwa, taa inazimika, hela inalipwa. Gari halijafika Kidahwe, taa imewaka tena. Safari ya pili mwenye gari kachoka kulipa, anaomba taa ing'olewe au izibwe kwa gundi nyeusi. Nimekuta hata dashibodi ambazo waya wa taa ya ABS umeungwa kwenye taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja, mnunuzi asijue chochote. Aliyefanya hivyo amemuuzia mwenzake gari akijua breki zake hazijakamilika. Ndugu zangu, hilo ni kosa zito, na fundi hapaswi kulikubali hata akiongezewa hela.

Nieleze kidogo ABS inafanya nini, kwa wale ambao si mafundi. Ukikanyaga breki ghafla kwenye barabara yenye maji, gurudumu linaweza kufunga kabisa, likaacha kuzunguka huku gari linaendelea kuteleza. Gurudumu lililofunga halikati kona. Unapinda usukani kumkwepa mtoto, gari linakwenda moja kwa moja. ABS inazuia hilo. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake. Kompyuta ikiona gurudumu moja linapungua kasi ghafla kuliko mengine, inaagiza vali zipunguze presha ya breki ya gurudumu hilo, kisha irudishwe, kisha ipunguzwe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana pedali inatetemeka mguuni na kuna mngurumo unaosikika. Mfumo huu wa kielektroniki wa kampuni ya Bosch uliingia sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz kubwa za wakati huo. Leo uko kwenye Noah, kwenye IST, kwenye Probox, hadi kwenye malori.

Madereva, hapo kwenye kutetemeka nisikilizeni vizuri. Wengi mmefundishwa kupampu breki. Kwenye gari lisilo na ABS ilikuwa busara. Kwenye gari lenye ABS inayofanya kazi, kanyaga kwa nguvu, shikilia, endelea kuongoza usukani. Pedali ikitetemeka usiondoe mguu kwa hofu. Inatetemeka kwa sababu inafanya kazi.

Sasa taa. Ukiwasha swichi, taa ya ABS inawaka sekunde chache, kompyuta inajikagua, kisha inazimika. Isipowaka kabisa wakati huo, shuku: globu imekufa au kuna mtu ameichezea. Mnaokwenda kununua magari ya mkononi, huo ndio ukaguzi wa bure kuliko wote. Usipokee funguo kabla ya kuufanya. Ikiwaka na kubaki imewaka, kompyuta imeona kasoro na imejitoa kazini. Breki za kawaida zinabaki, gari linasimama, lakini magurudumu yanaweza kufunga kama kwenye gari la zamani. Na ikiwaka pamoja na ile taa nyekundu ya breki, handbreki ikiwa imeshushwa, hapo mambo ni mengine. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au ule mgawanyo wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma, ambao kompyuta hiyohiyo inausimamia, umepotea. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, gari linageuka mkia. Taa mbili hizo zikiwaka pamoja, shusha abiria. Usiseme utafika Kasulu kwanza.

Nije kwenye kusoma. Kuna kile kidude kidogo cha bei nafuu cha kuunganisha na simu. Vijana wengi mnacho, na si kibaya. Lakini vingi kati ya hivyo vinasoma injini tu, namba zinazoanza na herufi P. Sheria zilizolazimisha ile soketi ya matundu 16 ambamo kidude hicho kinachomekwa, kuanzia Marekani mwaka 1996, zilihusu moshi wa injini. Breki hazikuwa lengo la sheria hizo. Namba za ABS kwa kawaida zinaanza na C, na zinahitaji mashine inayoweza kuzungumza na kompyuta ya breki ya gari la aina hiyo. Kwa hiyo mtu akichomeka kidude chake akakuambia gari halina hitilafu huku taa ya ABS inakutazama, jua kwamba kidude hakijafika ilipo hitilafu. Muulize: umeingia kwenye ABS, au umeishia kwenye injini?

Ukiwa na mashine inayofaa, utakutana na namba kama C0200, ambayo kwenye Toyota nyingi ni sensa ya mbele kulia. C0205 ni mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva, si kwa fundi aliyesimama mbele ya boneti. Hilo limewahi kupeleka sensa mpya kwenye gurudumu lisilohitaji.

Na wasio na mashine? Toyota nyingi za miaka ile zinazojaa barabara zetu zinasomeka kwa kipande cha waya. Swichi ikiwa imezimwa, unaunganisha tundu la 13 na tundu la 4 kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8, ya chini 9 hadi 16. Kisha unawasha swichi bila kuwasha injini, unaitazama taa ya ABS. Taa nyingine nazo zitakonyeza, zile usizijali. Ikikonyeza haraka mfululizo bila kupumzika, hakuna namba iliyohifadhiwa. Ikikonyeza mara tatu, ikapumzika sekunde moja na nusu hivi, ikakonyeza mara tatu tena, hiyo ni 33, nyuma kulia. Kwa mtindo huo 31 ni mbele kulia, 32 mbele kushoto, 34 nyuma kushoto, na 41 inaonyesha umeme wa betri umeshuka. Namba zikiwa nyingi zinakuja kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kaa na karatasi na kalamu, acha ijirudie hadi uwe na hakika.

Lakini tahadhari, vijana. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Ukiliunganisha na la 4 umeunguza fyuzi, kama si zaidi ya fyuzi. Hesabu matundu mara mbili, kwa mwanga mzuri. Na si kila gari linapokea njia hii. Kama hujui gari hilo linasomwaje, usibahatishe na waya.

Hapa sasa ndipo nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Namba imetoka: sensa ya nyuma kulia. Fundi anampigia mwenye gari, sensa inaagizwa Dar es Salaam au Mwanza, inakuja, inafungwa, namba inafutwa, taa inarudi. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta haioni sensa. Inachoona ni ishara inayokuja kwenye waya wa kona ile. Namba ni kama jirani anayekuambia kelele zimetoka nyumba ya tatu: hajakuambia nani analia wala kwa nini, inabidi uende ukapige hodi mwenyewe. Kasoro inaweza kuwa sensa, waya wake, soketi, ile pete ya meno inayozunguka mbele ya sensa, beringi iliyolegea, au hata tairi moja ndogo kuliko nyingine.

Kuna Noah ya abiria ililetwa kwangu, njia yake ni ya Uvinza. Namba ilikuwa ya nyuma kulia. Mwenyewe alikuwa ameshabadilishiwa sensa gereji nyingine, na sensa ilikuwa mpya kweli, inang'aa. Tulichomoa soketi tukapima na mita ya umeme: njia haijakatika, safi. Hapo wengi wangesema basi kompyuta imekufa, na kompyuta ya ABS mnajua bei yake. Nikamwambia kijana wangu ashike mita na asiondoe macho kwenye namba, mimi nikaanza kuushika waya taratibu kutoka kwenye habu kwenda juu, nikiukunja kila sehemu kama unavyokunjika gari likiruka shimo. Pale unapopita karibu na mkono wa saspensheni, klipu ya kuushikilia haikuwepo, ilibaki alama yake tu. Nilipoukunja hapo, mita ikaruka, ikarudi. Kwa nje ganda la waya lilikuwa zima, na mkwaruzo mdogo tu. Tulipolipasua kwa wembe, shaba ndani ilikuwa ya kijani, imebaki nyuzi chache. Gari likisimama zinagusana, gari likirukaruka zinaachana. Tuliunga kwa risasi ya kuyeyusha, tukavalisha mpira wa kubana kwa moto, tukaufunga waya mahali pake pasipo kusugua. Sensa ile mpya haikuwa na kosa lolote, na ya zamani iliyotupwa huenda nayo haikuwa nalo.

Kwa hiyo anzeni na macho na mikono. Fyuzi. Betri, kwa sababu betri dhaifu inazaa namba za ajabu. Soketi, kama imeingia maji au vumbi jekundu. Waya wote, hasa magurudumu ya mbele ambako unakunjwa kila ukikata kona. Kisha toa sensa uitazame uso wake. Zile za zamani zina sumaku, zinavuta unga wa chuma unaotoka kwenye diski na pedi, hadi ncha inaota manyoya meusi. Ifute kwa kitambaa, ukague na tundu inamokaa. Kutu ikiota chini ya sensa inaisukuma nje taratibu, na nafasi kati ya sensa na pete, ambayo kwa kawaida ni kama milimita moja, inaongezeka hadi ishara inadhoofika. Malori yanayobeba chumvi ya Uvinza yanahitaji jicho la zaidi hapa, chumvi na maji havina huruma na chuma. Na mkitoa sensa iliyoganda, msiipige nyundo. Wekeni mafuta ya kulegeza kutu, muizungushe kwa subira.

Pete yenyewe izungusheni mzunguko mzima, jino kwa jino. Ufa mwembamba tu unatosha. Pete iliyopasuka inaifanya kompyuta ione gurudumu linasita kila mzunguko, na wakati mwingine ABS inaanza kutetemesha pedali gari likiwa karibu kusimama, kwenye lami kavu, bila sababu. Dereva akikueleza dalili hiyo, anza na pete.

Kwenye kupima umeme, zipo sensa za aina mbili na zinapimwa tofauti. Zile za koili unazipima kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Nyingi zinaangukia karibu na 1,000 hadi 2,000, lakini la maana zaidi ni kulinganisha ya kulia na ya kushoto. Halafu weka mita kwenye volti za AC, yaani za mkondo geu, mwenzako azungushe gurudumu kwa mkono, lazima uone volti ndogo inayopanda kadiri mzunguko unavyoongezeka. Magari mapya zaidi yana sensa zenye kielektroniki ndani. Hizo usizipime kwa omu, mita yako inaweza kuziharibu. Pima kama umeme unafika kwenye soketi swichi ikiwa imewashwa, kisha tumia mashine. Na nyingi kati ya hizo hazina pete ya meno. Zina ukanda wa sumaku ndani ya sili ya beringi, hauonekani kama kitu cha maana. Beringi hiyo ikifungwa kinyume, ukanda ukaangalia upande usio na sensa, gari litatembea vizuri na taa ya ABS itawaka siku hiyohiyo. Upande wenye ukanda uelekee kwenye sensa, na beringi isiwekwe juu ya meza yenye unga wa chuma.

Mkiwa na mashine nzuri, kuna kitu bora kuliko namba: zile takwimu za moja kwa moja. Fungua ukurasa wa kasi za magurudumu manne, mtoke barabarani, mmoja aendeshe na mwingine asome. Narudia, dereva asisome. Kwenye kilomita 30 kwa saa, barabara imenyooka, magurudumu manne yanapaswa kusema karibu kitu kimoja. Moja likisema sifuri wakati gari linatembea, au likirukaruka, umempata. Moja likizidi kidogo lakini muda wote, angalia saizi ya tairi kabla hujagusa kitu kingine. Magari yetu mengi yamevaa matairi ya ukoo tofauti, mawili ya mbele hivi, mawili ya nyuma vile.

Basi, umetengeneza. Sasa futa. Kwa mashine ni kitufe kimoja. Kwa waya, kwenye Toyota hizo, unaunganisha tena 13 na 4, unawasha swichi, unakanyaga pedali ya breki mara nane au zaidi ndani ya sekunde tano, kisha unahakikisha taa inakonyeza ule mkonyezo wa haraka wa usalama, unazima, unatoa waya. Usisahau kuutoa. Kung'oa waya wa betri usiku kucha, kama wanavyoshauriana baadhi yetu, magari mengi hakufuti kitu kwenye ABS. Namba zimehifadhiwa mahali pasipohitaji betri. Utapoteza stesheni za redio na taa utaikuta palepale.

Namba ikikataa kufutika, kompyuta inakuambia kasoro bado ipo sasa hivi. Ikifutika ikarudi baada ya mita chache, gari lilipoanza kukimbia ndipo kompyuta ilipotafuta ishara na kuikosa. Ikifutika ikarudi wiki ijayo kwenye mashimo, tafuta waya unaokatika na kuungana. Kila moja ya hizo inakupa habari, ndiyo maana nasema uandike: namba ipi, lini, gari likifanya nini, barabara gani. Anayefuta bila kuandika anamnyima fundi anayefuata habari hizo zote, na mara nyingi huyo fundi anayefuata ni yeye mwenyewe. Magari mengine pia hayazimi taa hadi yaendeshwe kidogo baada ya kufutwa, kwa hiyo msikate tamaa gari likiwa bado limesimama uani.

Baada ya hapo nenda ukajaribu. Mahali pa wazi, bila watu, kasi ndogo, kanyaga kwa nguvu. Usijaribie kwenye ule mteremko wa kutoka Mwanga kuelekea stesheni, nawaomba sana.

Wenye magari, niseme nanyi. Fundi akikuambia anahitaji nusu siku kutafuta, mlipe nusu siku hiyo. Tumezoea kulipia kifaa, kutafuta tunaona ni bure, kwa hiyo fundi naye anaona heri auze sensa. Yule wa Noah alilipia sensa mpya, wakati kilichohitajika ni risasi kidogo, mpira na mtu wa kukaa chini ya gari bila kuharakishwa.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijaanza kama ABS ina faida kwenye barabara zetu za vumbi, maana amesikia inaongeza umbali wa kusimama. Mzee wangu, ulilosikia ni kweli. Kwenye changarawe iliyolegea, gurudumu lililofunga linajikusanyia changarawe mbele yake na hiyo inasaidia kusimamisha gari. ABS inaliachia gurudumu, kwa hiyo unaweza kwenda mbele zaidi. Lakini usukani unabaki mikononi mwako, unaweza kulikwepa shimo au ng'ombe. Na safari ileile inaingia lami, na masika lami ya milimani kuelekea Manyovu inateleza. Ushauri wangu ni kupunguza mwendo kwenye vumbi, si kung'oa fyuzi ya ABS kama wanavyofanya baadhi ya madereva wa michomoko, yale magari madogo ya abiria.

Mwenye swali anyooshe mkono. Na mwenye gari ambalo taa imewaka alisogeze hapa kivulini, injini izimwe, aniachie funguo, na mmoja wenu achukue kalamu awe anaandika namba zikitoka.